Usichemshe tunguu usilolijua: namna ya kukusanya na kuandika kumbukumbu za nyota ya njano

Mvua za vuli zikishanyesha siku kadhaa katika vilima vya Tarime na katika nyika za Mugumu wilayani Serengeti, mahali palipoungua moto wakati wa kiangazi huanza kurudi kijani. Ukipita huko asubuhi, angalia chini kabisa karibu na ardhi. Ukibahatika utaona viua vidogo vya njano vyenye ncha sita, mfano wa nyota, na nyuma ya kila ncha rangi ya kijani yenye manyoya laini. Rudi hapo hapo adhuhuri, viua vingi vitakuwa vimeshafumba, hata utadhani umepotea njia.

Kiua hicho ni cha jamii ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Hypoxis, jina lililotolewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1759. Katika makala hii tutakiita nyota ya njano.

Msomaji anaweza kuuliza, safu ya afya na usafi ina habari gani na maua ya porini? Jibu liko ardhini. Chimba, utakuta tunguu gumu lililofunikwa na nyuzi kavu za majani ya zamani. Nyuzi hizo ndizo zinazolikinga na moto wa nyika. Ukilikata, ndani ni njano, na likikaa wazi kidogo hugeuka rangi na kuwa jeusi. Tunguu la namna hii huchimbwa, hukatwa vipande, hukaushwa, husagwa na kuchemshwa kama dawa katika nchi nyingi za Afrika. Na hapo ndipo swali la afya linapoanza, kwa sababu likishakatwa vipande na kutiwa kwenye karatasi ya sokoni, hakuna macho yanayoweza kukuambia limetoka kwenye mmea gani.

Sifa za ndugu zake wa kusini

Sifa nyingi za tunguu hili zilitoka Afrika Kusini. Huko kuna aina kubwa iitwayo Hypoxis hemerocallidea, ambayo zamani wataalamu wengi waliiandika kwa jina la Hypoxis rooperi. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ujerumani kwa wanaume 200 wenye uvimbe wa tezi dume. Waliopewa dawa ya vidonge yenye mafuta ya mimea yaitwayo sitosteroli walikojoa vizuri zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, ingawa tezi yenyewe haikupungua kwa kiasi cha maana. Tunguu la Hypoxis ni chanzo kimojawapo cha mafuta hayo. Miaka michache baadaye Waziri wa Afya wa Afrika Kusini wa wakati huo, Manto Tshabalala-Msimang, alilinadi tunguu hilo pamoja na vitunguu saumu, viazi sukari vyekundu na ndimu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Alilaumiwa sana, maana watu walikuwa wanahitaji dawa za ARV.

Habari kama hizo huvuka mipaka haraka kuliko maelezo yake. Mtu wa Sirari anasikia kwamba "kiazi cha njano cha porini kinatibu", anakwenda kuchimba cha kwake. Lakini nyota za njano za Tanzania si aina moja. Kuna Hypoxis angustifolia yenye majani membamba, kuna Hypoxis obtusa, kuna Hypoxis kilimanjarica, na nyingine kadhaa. Kuzitofautisha ni kazi hata kwa wataalamu, kwani wanalazimika kutazama manyoya ya majani na ngozi ya mbegu kwa lenzi. Isitoshe, baadhi yake huzaa mbegu bila kuchavushwa, hivyo mipaka kati ya aina na aina haiko wazi. Kilichopimwa Ujerumani ni kidonge chenye kipimo kinachojulikana. Kilichomo kwenye sufuria yako hakijapimwa na yeyote.

Kwa mgonjwa anayetumia ARV, jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa maabara ulioonyesha kwamba maji ya tunguu la kusini yaliweza kuzuia kazi ya vimeng'enya ambavyo mwili huvitumia kuvunjavunja dawa hizo. Tafiti za baadaye zilizofanywa kwa watu hazikuona athari kubwa kwa baadhi ya dawa zilizojaribiwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila aliyekunywa amedhurika. Tunasema amwambie daktari wake, na aweze kumwambia ni mmea gani hasa.

Upo pia mkanganyiko mbaya kuliko huo wote. Katika nyika na vichaka vya Afrika Mashariki huota mmea mwingine wenye tunguu, ambao ua lake ni jekundu na njano, lenye ncha zilizojikunja kwenda juu kama ndimi za moto, na majani yake huishia kwenye kikono kinachojishikiza kwenye miti. Jina lake la kitaalamu ni Gloriosa superba. Tunguu lake lina sumu iitwayo kolchisini. Madaktari huitumia sumu hiyo kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo, lakini tunguu zima likiliwa huua, na huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kulidhania ni kiazi. Likiwa na ua lake hakuna anayelichanganya na nyota ya njano. Wakati wa kiangazi, maua yamekwisha na majani yamekauka, mchimbaji anabaki kubahatisha.

Kama hilo limetokea nyumbani kwako, mtu amekunywa au kula tunguu asilolijua na saa chache baadaye anatapika, anaharisha na kulalamika moto mdomoni, usimpe maziwa wala mafuta ukisubiri apoe. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe lililobaki, hasa kipande chenye jani kama kipo.

Kikombe cha Samunge

Mfano wa karibu wa faida ya kuujua mmea tuliuona mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, ambaye alifariki dunia mwaka 2021, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge. Maelfu kwa maelfu walikwenda, wakiwemo watu wa Mara waliokatiza Serengeti. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha ARV zao.

Serikali ilipotaka kujua watu wanakunywa nini, wataalamu walikuwa na pa kuanzia. Mti huo, ambao huko Samunge unaitwa mugariga, ni Carissa, ule ule ambao Wamasai wanauita olamuriaki na ambao kwa Kiswahili huitwa mtandamboo. Majina manne, mti mmoja, na tayari ulikuwa na sampuli zake kavu kabatini na maandishi ya miaka mingi juu yake. Hilo halikuthibitisha kwamba kikombe kinaponya. Lilithibitisha kinachonywewa, nalo si dogo. Kama ungekuwa mmea ambao hakuna aliyewahi kuukausha na kuuandika, kazi ingeanzia sifuri huku watu wanaendelea kunywa.

Na tusiwacheke wengine. Habasoda tunayoiweka majumbani mwetu, ni wangapi kati yetu wanaweza kuitofautisha na mbegu za vitunguu zikimwagwa mkononi? Zinafanana mno kwa macho.

Kabati la mimea mikavu

Mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa kwa mpangilio huitwa hebaria. Kila mmea umebanwa ukawa bapa, umekaushwa, umeshikizwa kwenye karatasi ngumu yenye urefu wa sentimeta 42 hivi na upana wa sentimeta 28, na pembeni kuna lebo ya maelezo. Mmea uliokaushwa vizuri hukaa miaka mia mbili na zaidi.

Katika nchi yetu kazi hii ni ya zamani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Hebaria iliyokuwa hapo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na mkuu wake alikuwa Peter Greenway, yule yule aliyetoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na ambaye baadaye alikusanya mimea Serengeti kwenyewe. Leo Tanzania ina Hebaria ya Taifa mjini Arusha, ipo hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Tiba Asili iliyopo Muhimbili nayo huhifadhi mimea ya dawa. Kutokana na makabati kama hayo kiliandikwa kitabu kikubwa cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, kilichoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, chenye aina zaidi ya 12,000. Sehemu ya jamii ya nyota ya njano ilitoka mwaka 2006.

Wasomaji wengi hudhani hiyo ni kazi ya Wazungu na maprofesa. Mimi sioni hivyo. Profesa wa Arusha hawezi kuwepo Nyamwaga asubuhi ambayo kiua kimefunguka. Wewe unaweza.

Namna ya kukusanya

Kwanza ruhusa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na katika mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yanayopakana na vijiji, huruhusiwi kung'oa hata jani bila kibali. Kusanya kwenye ardhi ya kijiji, kando ya njia, malishoni, na umwambie mwenye eneo au serikali ya kijiji. Mtu anayechimbachimba bila kusema hushukiwa, na ana haki ya kushukiwa.

Pili hesabu. Kabla ya kuchimba, tazama ipo mimea mingapi hapo. Wataalamu wengi wana kanuni ya kuchukua mmoja penye ishirini. Ikiwa unaona mitano tu, piga picha, chukua jani na ua, tunguu liache ardhini. Tunguu likishang'olewa, mmea huo umekwisha.

Nenda asubuhi, maua yakiwa wazi. Uwe na jembe dogo au panga la kuchimbulia, kisu, daftari, penseli na magazeti ya zamani. Chimba mbali kidogo na shina ili tunguu litoke zima na mizizi yake. Ondoa udongo kwa kutikisa na kwa mswaki mkavu, usilioshe kwa maji mengi ukalibana likiwa limelowa. Usitoe zile nyuzi za juu, kwani nazo husaidia katika utambuzi. Kama pana mimea ya kutosha, tafuta pia mmoja wenye tunda lililokomaa. Mbegu zake ndogo nyeusi zitie kwenye bahasha ya karatasi.

Ubane papo hapo, maana kiua hiki hakisubiri. Ukikibeba mkononi hadi nyumbani utafika na ua lililofumba, na ua lililofumba halimwambii mtaalamu mengi. Fungua gazeti, laza mmea, tandaza majani yasilaliane, na geuza ua moja lionekane mbele na jingine lionekane nyuma. Majani yakiwa marefu kuliko gazeti, yakunje kwa pembe kali kama herufi V, usiyakate. Tunguu ndilo lenye taabu. Likibanwa zima linaoza au, ajabu ya mmea huu, linachipua ndani ya karatasi. Likate katikati kwa urefu, nusu moja ibaki na majani, nusu nyingine uikate vipande vyembamba na uviweke kwenye bahasha yenye namba ile ile.

Hapa pana neno kwa wasomaji wa gazeti hili. Usitumie ukurasa wenye aya au jina la Mwenyezi Mungu kubania mimea yenye udongo. Tumia kurasa za michezo na matangazo, hazikosekani.

Gazeti lenye mmea liweke kati ya vipande viwili vya boksi, vipange vyote kati ya mbao mbili, kaza kwa kamba au weka mawe juu. Siku tatu za mwanzo badilisha karatasi kila siku, baadaye kila baada ya siku mbili. Hili ndilo watu hulizembea, na ndiyo sababu ya sampuli kuota ukungu. Weka mahali penye upepo na joto la wastani. Jikoni juu ya moshi si pabaya, ila moto mkali hukausha jani likawa kahawia na kukatika. Mmea ukiugusa kwenye shavu usihisi ubaridi, umekauka.

Tengeneza nakala angalau tatu kutoka sehemu moja siku moja, kama idadi ya mimea inaruhusu. Sababu yake ni kubwa. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua, na sampuli nyingi za mimea zilizochukuliwa kwetu enzi za Wajerumani ziliteketea. Zile zilizokuwa na nakala kwingine zikanusurika.

Lebo ndiyo shahidi

Mmea usio na maelezo ni majani makavu tu. Andika hapo hapo shambani kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka ukilowa. Andika rangi ya ua, kwani njano hufifia ikikauka. Andika kama ua lina harufu, urefu wa mmea, na rangi ya ndani ya tunguu lilipokatwa na ilivyogeuka.

Mahali paandike kwa ukamilifu. Usiandike "Tarime" ukaridhika. Andika nchi, mkoa, wilaya, kata, kijiji, kisha umbali na upande kutoka kitu kisichohama kama daraja au kilima. Simu nyingi siku hizi zinaweza kukupa latitudo na longitudo, na pengine mwinuko kutoka usawa wa bahari. Majina ya wilaya hubadilika. Sampuli za zamani za Tarime zina lebo za "North Mara", zile za Serengeti nyingi zimeandikwa Musoma, na mwaka 2007 sehemu ya Tarime ikawa wilaya ya Rorya. Daraja la Mto Mara litajulikana hata majina yakibadilika tena.

Eleza mazingira: ni malisho, ni mwamba wenye udongo haba, ni mahali palipoungua moto mwezi uliopita, ni tindiga? Andika mimea ya jirani unayoijua.

Halafu jina la kienyeji. Hapa wazee wetu ndio maktaba. Andika jina kama linavyotamkwa na useme ni la lugha gani, kwani jina la Kikurya la Tarime na la Kingoreme au Kiikoma la Serengeti yanaweza kuwa tofauti kwa mmea mmoja, au jina moja likabeba mimea miwili. Uliza linatumika kwa nini, sehemu gani ya mmea, linaandaliwaje, na nani hakatazwi na nani anakatazwa kulitumia. Mzee akikuambia "hii haipewi mwanamke mwenye mimba", hiyo ni habari ya afya yenye thamani kuliko ua lenyewe. Na kama hataki kusema, usimshurutishe, ni elimu yake. Kuna ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Ralph Tanner, ambaye katika miaka ya 1950 alikusanya mimea Kanda ya Ziwa na kuandika kwenye lebo majina na matumizi aliyoambiwa na wenyeji. Lebo zake zinasomwa hadi leo kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wa majani.

Mwisho wa lebo weka tarehe, jina lako na namba yako ya mkusanyaji. Anza na 1 na uendelee maisha yako yote. Namba ukishaitoa usiirudie, hata kama sampuli imeoza.

Usafi wakati wa kazi

Vaa viatu. Udongo wa malisho una mayai na viluwiluwi vya minyoo ya safura, na jeraha la jembe lililoingia udongo ni mlango wa pepopunda, basi hakikisha una chanjo. Usionje tunguu kwa ncha ya ulimi ili kulitambua, hata kama umewaona wachimbaji wakifanya hivyo. Kisu cha kazi hii kisirudi jikoni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mbao za kubania ziwekwe mbali na watoto na mbali na chakula.

Penye uchimbaji wa dhahabu, kama maeneo ya Nyamongo, kuwa mwangalifu zaidi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja kuelekea Mto Tigithe, jambo lililozua kilio kikubwa. Sampuli ya hebaria unaweza kuichukua hapo ukaandika mahali. Dawa ya kunywa usiichimbe hapo, hata kama mmea unaujua kwa jina na nasaba.

Na ukipata nafasi ya kutembelea hebaria, usishike sampuli za kale kisha ukala kabla ya kunawa. Zamani hebaria nyingi duniani zilipaka mimea kemikali ya zebaki ili wadudu wasiile. Siku hizi hutumia baridi kali ya friza kwa siku kadhaa.

Pa kuzipeleka

Sampuli zikikauka, zifunge kati ya maboksi, zitie kwenye mfuko wa plastiki zisipate unyevu, na uwasiliane na Hebaria ya Taifa Arusha au chuo kilicho karibu kabla ya kutuma, ili wakuambie wanavyopokea. Nakala moja ibaki kwenu. Shule au madrasa yenye kabati kavu linalofungwa inaweza kuitunza, na walimu wakawaonyesha watoto mmea ambao hawatakiwi kuutia mdomoni. Jibu la jina la kitaalamu huweza kuchukua muda, maana kiua hiki, kama tulivyosema, huwasumbua hata wenye lenzi. Likija, liandike kwenye nakala yenu pamoja na jina la aliyelitambua na tarehe. Mpaka hapo, tunguu lililobaki nyumbani lisiingie kwenye sufuria.